Dagaa wa Ziwa Victoria: wa sahani au wa kuku?

Sehemu kubwa ya dagaa wanaovuliwa Ziwa Victoria haifiki jikoni. Inasagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha kuku na mifugo mingine. Wanaopinga wana hoja ya ikolojia, na ni hoja nzito.

Nishati ya ziwa hutoka juani. Vijimea vinavyoelea majini huinasa kwa usanisinuru, vidudu vidogo hula vijimea, dagaa hula vidudu, sangara hula dagaa. Kila hatua nishati nyingi hupotea kama joto, kwa kuwa kiumbe hupumua, huogelea na kumkimbia adui. Mwaka 1942 Raymond Lindeman, aliyechunguza ziwa dogo la Cedar Bog huko Minnesota, Marekani, ndiye aliyeiweka hesabu hii wazi. Siku hizi vitabu vya shule hukadiria kwamba asilimia 10 tu ndiyo huvuka hatua moja hadi nyingine: vizio 1,000 kwenye vijimea, 100 kwenye vidudu, 10 kwenye dagaa, 1 kwenye sangara. Hali halisi hupanda na kushuka, ila hasara haikwepeki.

Kwa hesabu hiyo, mla dagaa anakula karibu na chanzo. Kumpitishia kuku ni kuongeza hatua, tena ya gharama: mwili wa kuku hukaa kwenye nyuzijoto 41 hivi usiku na mchana, na joto hilo hulipiwa kwa chakula. Samaki halipi deni hilo.

Tatizo ni kwamba hesabu inamchukulia kuku kana kwamba analishwa dagaa watupu. Mfugaji wa namna hiyo angefilisika mapema. Chakula cha kuku ni mahindi, pumba na mashudu. Dagaa ni nyongeza ya protini. Nishati ya yai hutoka zaidi kwenye nafaka. Dagaa huleta lisini na methionini, viungo vya kujengea protini ambavyo ni haba kwenye mahindi, na vikikosekana kuku hula bila kukua vizuri. Pumba hatuli sisi. Dagaa kidogo wanaweza kuifanya pumba nyingi iwe mayai, na hapo hoja ya nishati hupungua makali. Haifi, maana soya inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Kwa maoni yangu watetezi wa dagaa wa sahani wameshika hoja dhaifu kati ya mbili walizonazo: ya nishati, badala ya lishe. Mtoto anayeshindia ugali mara nyingi hakosi nishati. Anakosa protini bora, madini ya chuma, zinki na kalisi. Dagaa huliwa mzima, kichwa na mifupa, kwa hiyo vyote hivyo vinaingia tumboni. Madini hayapotei kama joto, ila yanaweza kwenda yasikohitajika: kalisi ya mifupa ya dagaa ikipitia kwa kuku, nyingi huishia kwenye ganda la yai, kinyesi na mifupa tunayoitupa.

Wapo pia wanaosema dagaa waachwe ziwani wamlishe sangara, kwa kuwa minofu yake huleta fedha za kigeni. Fedha ni kweli. Lakini sangara alipandikizwa miaka ya 1950, na alipoongezeka aina nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, zilitoweka. Dagaa alisalimika kwa kuwa huzaa upesi. Tena minofu ikisafirishwa, watu wa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, mara nyingi hubakiwa na mapanki, yaani mifupa na vichwa baada ya minofu kutolewa.

Upotevu unaonikera zaidi hauko kwenye mnyororo wa chakula, uko ufukweni. Dagaa wanaoanikwa mchangani huchanganyika na uchafu, na mvua ikinyesha huoza. Hao mwanadamu hawataki, na kuwapa kuku ni busara kuliko kuwatupa. Ila mnunuzi wa chakula cha kuku akizoea kuchukua dagaa wenye mchanga bila kuuliza, mama anayeanika haoni kwa nini agharimie chanja za kuwainua kutoka chini. Soko linalookoa dagaa waliochafuka linaendelea kuwazalisha. Kupiga marufuku dagaa kwa kuku hakutaliondoa hilo. Kutamwachia tu mwanikaji mzigo usio na mnunuzi. Ningeanza na mkopo wa chanja na bei mbili zilizo wazi mwaloni: ya dagaa safi na ya dagaa wa mchanga, zikiachana kiasi cha kumfanya mwanikaji aone faida ya kujenga chanja.