Redio ilijibu, lakini si ndege iliyoulizwa

Tarehe 19 Novemba 1996, Beechcraft 1900C ya abiria ilikuwa ikitua Quincy, Illinois, uwanja usio na mnara wa kuongozea ndege. King Air, ndege ndogo ya injini mbili, ilikuwa imesimama kwenye njia ya kurukia namba 04, inayokatana na ile ya 13 ambayo Beechcraft iliiendea. Marubani wa Beechcraft wakauliza redioni: mnasubiri au mnaruka? Aliyejibu ni rubani wa Cherokee, ndege nyingine ndogo iliyokuwa nyuma ya King Air. Alitaja namba ya usajili wa ndege yake na kusema anasubiri, lakini katikati ya maneno yake mashine ya kutaja kimo ikapaza sauti ndani ya Beechcraft. Marubani wa Beechcraft wakalisikia neno King Air, wakadhani ndiyo iliyojibu, wakashukuru, wakaendelea kutua. King Air ikaanza kuruka. Wakagongana penye makutano. Wote 14 walikufa.

Wanaotaka redio iwe lazima wana hoja nzito. Australia iliilazimisha mwaka 2010 kwenye viwanja vilivyosajiliwa au kuthibitishwa, ilhali Marekani bado inaruhusu ndege isiyo na redio kutumia viwanja vingi visivyo na mnara. Macho peke yake hayatoshi: ndege inayokujia uso kwa uso haisogei kiooni, ni kinukta kinachokua.

Upande wa pili nao haubahatishi. Ndege ndogo za zamani aina ya Piper Cub hazina hata mfumo wa umeme, na redio ya mkononi humezwa na kelele za injini. Tena masafa ya redio ya 122.8 MHz hutumiwa na viwanja vingi. Marubani wawili wakibonyeza kitufe cha kusema kwa pamoja, hubaki mlio tu. Ndiyo maana jina la uwanja hutajwa mwanzoni na mwishoni mwa tangazo. Huko Watsonville, California, Agosti 2022, marubani wawili walitangaza walipo, mmoja akiwa kwenye mzunguko wa kutua kuzunguka uwanja, mwingine akija moja kwa moja kwa kasi. Walisikika, na bado watu watatu walikufa.

Kwangu, kiwanja chenye safari za abiria kiwe na sharti la redio. Lakini sharti lenyewe halitaziba tundu la Quincy. Tangaza maili 10 kabla: mahali, kimo, nia. Ukiuliza swali, jibu lisilotaja usajili wa ndege unayoiona si jibu. Uliza tena, na usipojibiwa, ongeza nguvu na upae tena: pale Quincy nafasi ya kuahirisha kutua ilikuwepo bado.