Barabara tumeziona, kazi je?

Mwandishi wa makala ninayoijibu anauliza kama Ruwaza ya 2030, mpango wa maendeleo wa Kenya, bado inafikika. Ndugu, imebaki miaka michache mno! Rais Kibaki alipoizindua Juni 2008 tuliahidiwa uchumi ukue kwa asilimia 10 kila mwaka. Hatujafika hapo hata mwaka mmoja. Tulipokaribia ni 2010, asilimia 8 na ushei.

Sisemi hakuna kilichofanyika. Barabara kuu ya Thika ipo, reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi ipo tangu 2017. Lakini lile la kuitwa nchi ya "kipato cha kati" hunichekesha. Septemba 2014 hesabu za taifa zilipigwa upya, uchumi ukavimba kwa robo nzima, tukalala maskini tukaamka wa kipato cha kati. Bei ya unga haikupata habari hiyo.

Kijana wangu ana diploma ya umeme. Kila anapoomba kazi anadaiwa uzoefu wa miaka mitatu (ataupata wapi, usingizini?). Sasa anaendesha boda Kitengela, na pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Mwandishi akirudia mada hii, apite pale stejini awaulize wangapi wana vyeti. Asisahau kubeba daftari kubwa.