Amani ya Arusha haikuulizia bei ya kahawa

Tarehe 4 Agosti 1993 Serikali ya Rwanda na waasi wa RPF walitia saini mkataba wa amani pale Arusha. Ukiusoma leo unaona walivyohangaika na vyeo: wizara hii ichukuliwe na nani, jeshini serikali itoe asilimia 60 ya askari na RPF 40, makamanda nusu kwa nusu. Miezi minane baadaye mauaji ya kimbari yakaanza. Mimi nimelelewa kwa kahawa, Kibosho, na kila nikiufikiria mkataba ule najiuliza nani alikwenda kumsemea mkulima.

Maana yeye alianza kuumia mapema. Julai 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana mgao wa kuuza kahawa ulivunjika, bei ikaporomoka karibu nusu. Rwanda ilikuwa inaishi kwa kahawa; sehemu kubwa ya fedha zake za kigeni ilitoka humo. Kusini mwa nchi njaa ilikuwa imeshaingia. Oktoba 1990 vita vikaanza, na Novemba faranga ikashushwa thamani kwa asilimia 40. Jeshi lililokuwa na askari kama 5,000 likakua hadi zaidi ya 30,000, huku hazina ikikauka. Vijana wasio na shamba wala kazi walijaa kila kilima, na wanamgambo wa Interahamwe hawakupata tabu kuwaokota.

Hapa naomba twende taratibu, kwa sababu wapo wanaosema umaskini ndio unaoleta vita, wakaishia hapo. Bei ile ile ilituangukia na sisi Kilimanjaro. Vihamba vyetu, yaani mashamba ya ukoo, navyo vimegawanywa baba kwa mtoto mpaka mtu anabaki na kipande cha kujenga nyumba na kupanda migomba michache. Nilimwona mzee wa jirani yetu aking'oa mibuni aliyoachiwa na baba yake. Visiki alivipanga nyuma ya jiko, vikawa kuni, na pale ilipokuwa kahawa akapanda nyanya. Alikilaumu chama cha msingi, akailaumu serikali, lakini sikumsikia akimlaumu mtu wa kabila jingine. Wanawe wakashuka Kiboriloni kuuza mitumba, mmoja akaenda Dar. Palikuwa na pa kukimbilia, na hapakuwa na redio ya kumwambia kwamba jirani yake ndiye adui.

Rwanda walikuwepo watawala ambao ulaji wao ulitegemea kahawa na misaada. Ulaji ulipopungua, na mkataba ukawataka wagawane hata hicho kilichobaki, baadhi yao walichagua kuua. Walipanga, waliagiza mapanga kwa wingi, walitangaza redioni. Damu ile iko mikononi mwao, si kwenye soko la kahawa. Ila soko ndilo lililowapa vijana wa kutuma.

Mkataba wa Burundi, uliosainiwa Arusha tarehe 28 Agosti 2000, angalau ulikuwa na sehemu nzima ya ujenzi mpya, maendeleo na ardhi ya wakimbizi. Nauheshimu kwa hilo, ingawa watu wengi wanaukumbuka kwa mgawanyo wa jeshi tu.

Sasa tuna Congo, mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022. Goma, mji wa mashariki mwa nchi hiyo, ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025. Mgodi wa Rubaya wa koltani, madini yanayotumika kwenye simu, waliuchukua mwaka 2024, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba wanakusanya humo kama dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza ushuru. Februari 2025 wakuu wa EAC na SADC walikutana Dar es Salaam wakataka mapigano yasimame. Sawa, yasimame. Lakini kundi lenye kipato hicho, siku likiweka silaha chini linakikosa, na hakuna waziri atakayelilipa kiasi hicho.

Ndiyo maana nataka wasuluhishi wakae na watu wa forodha na wahasibu, si majenerali peke yao. Mzigo umetoka mgodi gani, umevuka mpaka gani, kwa hati za nani, na nani kaununua? Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, na ushuru wa forodha ndiyo kazi inayofanyika pale kila mwaka. Wanaoweza kukaa siku nzima wakibishana juu ya ushuru wa mchele wanaweza pia kuuliza koltani ya Rubaya inapita wapi, na wachapishe majibu.