Kama hakuna nafsi, karma inamwangukia nani?

Katika sutta (hotuba) ya 109 ya Majjhima Nikaya, mkusanyiko wa hotuba za Buddha, mtawa mmoja anawaza kimoyomoyo: ikiwa mwili, hisia, utambuzi, mielekeo ya nia na fahamu si nafsi, basi matendo yanayotendwa na visivyo nafsi yataigusa nafsi ipi? Buddha anayatambua mawazo hayo na kuyakemea mbele ya watawa wote. Swali lenyewe halijibu moja kwa moja. Anarudi kwenye mambo yale matano, yanayoitwa mafungu, na kuwahoji watawa: yanadumu au hayadumu?

Kuhoji huko ndiko alikoanza nako katika hotuba yake ya pili, aliyowapa watawa watano huko Isipatana, karibu na Varanasi. Kila fungu linapimwa mara mbili. Je, linakutii ukiliamuru liwe hivi au vile? Je, linadumu? Anayekaa kutafakari huku goti likimuuma anaweza kupima mwenyewe. Goti lililokunjwa ni mwili. Uchungu ni hisia. Kuutambua kuwa ni maumivu ni utambuzi. Msukumo wa kunyoosha mguu ni nia. Kuyajua hayo yote ni fahamu. Hakuna hata moja linalokoma kwa amri. Wengi hukwama kwenye fungu la tano: wakishayaachia manne ya kwanza, huishika fahamu kama mtazamaji asiyebadilika. Mtawa Sati alishikilia kwamba fahamu ile ile ndiyo inayohama kutoka maisha hadi maisha, naye akakemewa, kwa sababu fahamu huzuka kwa kutegemea masharti: ya jicho kwa jicho na kinachoonekana, ya sikio kwa sikio na sauti.

Hata hivyo, swali la yule mtawa halikufa. Wapudgalavada, yaani walioshikilia kwamba “mtu” yupo, walikuwa Wabuddha kamili, tena wengi: Xuanzang, msafiri Mchina wa karne ya 7, aliwakuta Wasammitiya, tawi lao, wakiwa miongoni mwa makundi makubwa ya watawa India. Walisema mtu yupo, ila huwezi kusema ni yale mafungu wala ni kitu tofauti nayo, kama moto unavyotegemea kuni bila kuwa kuni. Walitegemea pia sutta inayoyaita mafungu mzigo na kumtaja mtu kuwa mbebaji wake. Kuwaita wapotoshaji tu, kama vitabu vingi vya utangulizi vinavyofanya, ni kuwaonea.

Vasubandhu, mwanafalsafa wa Kibuddha wa India, aliwajibu katika sura ya 9 ya kitabu chake Abhidharmakosha. Mtu akiwa kitu halisi, awe tofauti na mafungu, na hapo ni nafsi iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Asipokuwa tofauti, ni jina la mafungu tu. Kwa Vasubandhu, kumbukumbu na malipo ya matendo havihitaji mwenyewe, vinahitaji mfululizo wa sababu. Kwa mfano, mtu aitwaye Devadatta hakumbuki alichokiona mwingine aitwaye Yajnadatta kwa kuwa mifululizo yao ni miwili.

Kwa hoja, naona Vasubandhu alishinda. Kitu ambacho hakiwi hiki wala kile, na hakuna njia ya kukipima, hakielezi chochote. Lakini ushindi wake una ufa, na Wanyaya, wapinzani wa Kihindu, waliuona: mawazo ya mwalimu pia husababisha mawazo ya mwanafunzi, mbona mwanafunzi hakumbuki utoto wa mwalimu? Wabuddha hujibu kwamba mwalimu ni sababu saidizi tu, ilhali wazo lililotangulia la mwanafunzi ndilo sababu ya msingi. Jibu hilo linasimama iwapo tu tunaweza kuzitenganisha sababu hizo mbili bila kutanguliza kwamba wazo la jana na la leo ni ya mtu mmoja, na hapo ndipo hoja za wafuasi wa Vasubandhu zinapaswa kubanwa zaidi.