Kitambaa cha nyuma kikipungua, usimrudishe mteja mjini

Najua kuna mafundi wenzangu hawatanikubalia hapa lakini wacha niseme tu. Mtu akikuletea kwilti (lile blanketi la vipande vya vitambaa vilivyounganishwa) umshonee kwa longaamu (ile mashine kubwa ya fremu inayoshona tabaka zote za kwilti pamoja) na kitambaa cha nyuma kimepungua, kazi ya kukiongeza ni yako fundi, bora umwambie kabla hujaanza na alipie huo muda. Hii tabia ya kupima mara moja, kukunja kila kitu na kumwambia mama wa watu arudi akanunue ingine inaniuma sana, manake huyo mama ametoka Rongai ama Kitengela na matatu mbili, na ile kitenge aliyonunua Biashara Street mwezi uliopita saa hii hata rangi yake haiko tena dukani.

Ile sheria yenyewe ni ya kweli, siipingi. Kitambaa cha nyuma kinatakiwa kizidi cha juu kwa inchi 4 kila upande, yaani jumla inchi 8 kwa urefu na 8 kwa upana, na hiyo si tamaa ya fundi. Kwa longaamu kitambaa cha nyuma ndicho kinabeba kazi yote, kinafungwa kwa rola (zile nguzo ndefu za fremu zinazozunguka) juu na chini na pini ama zipu, halafu pande mbili za kando kinavutwa na klampu (vibanio) ndio kikae kimenyooka. Sasa kama kando hakuna nafasi, klampu zinakaa pale pale mashine inataka kupita, mguu wa mashine unagonga chuma, na kama ni ya kompyuta mchoro unaruka unatoka kwa laini na hapo ni kufumua. Tena ile sehemu ya ziada ndiyo tunajaribia uzi kama umekaza ama umelegea kabla hatujagusa kazi ya mtu.

Lakini hiyo sheria inakuwa rahisi mahali ambapo unaingia dukani unauziwa kitambaa cha nyuma cha upana wa inchi 108, kipande kimoja bila mshono, kama Marekani. Sisi hapa tunashona na kitenge, na kitenge upana wake ni kama inchi 45 na unauziwa yadi 6. Fanya hesabu na mimi. Yadi 6 ni inchi 216, ukikata katikati unapata vipande viwili vya inchi 108. Mteja anasema 45 na 45 ni 90, na kwilti yangu ni 90 kwa 90, si imetosha? Haijatosha, manake lazima ukate lile pindo lenye maandishi, limefumwa likakaza kuliko kitambaa chenyewe na ukiliacha ndani ya mshono linavuta mpaka kitambaa kinajikunja, halafu mshono nao unakula yake, unabaki na kama inchi 87. Kitambaa cha nyuma kimekuwa kidogo kuliko kwilti yenyewe na mteja hajafanya kosa lolote, amenunua vile kitenge inauzwa.

Kwa hivyo kupungua kuko namna mbili na hapa ndipo naona mafundi wengi wanachanganya mambo. Kuna kitambaa kinachotosha kwilti lakini hakitoshi mashine, na kuna kile hakitoshi hata kwilti.

Cha kwanza hakina maneno. Chukua kwilti ya 80 kwa 96 na hiyo kitenge ya 87 kwa 108. Ukiiweka kwa rola vile watu wamezoea, kando kunabaki inchi 3 na nusu kila upande na klampu zitakusumbua. Igeuze pamoja na kwilti, ule upande wa inchi 108 ukae sambamba na rola kama fremu yako inafika, sasa kando una inchi 6 kila upande, na zile 3 na nusu zimeenda juu na chini kwa pini ambako unaweza kuishi nazo. Tena mshono wa katikati sasa unalala sambamba na rola, hii ni faida kubwa sana, manake mshono ukisimama unajiviringa juu ya mwenzake kila ukizungusha, pale katikati panavimba na pande mbili zinalegea. Kama mchoro unaoshona una juu na chini, ugeuze nao.

Ikikataa hata hivyo, tumia merikani, kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kata mikanda ya upana wa inchi 6 hivi, shonea pande zilizopungua na mshono wa nusu inchi, ufungue upige pasi, klampu zishike merikani. Ukimaliza unaikata na kuitoa, mteja hataiona kamwe.

Kile kisichotosha kwilti hapo merikani peke yake haisaidii, itaonekana nyuma. Hapo napigia mteja simu, namwomba mabaki ya vitambaa vya juu, naunganisha mkanda wa kama inchi 9 naingiza kati ya vile vipande viwili vya kitenge, inafika karibu inchi 95, halafu merikani kando. Na nikipata nafasi huo mkanda nausogeza upande mmoja usikae katikati, kwa sababu kwa longaamu kupatanisha katikati ya nyuma na katikati ya juu ni ngumu mno, ukikosea inchi moja macho yanaona hapo tu. Ukiwa kando unakaa kama ulipangwa hivyo, na wateja wengi wanaupenda.

Leso ndiyo nauliza mara mbili. Watu wanapenda kuweka leso nyuma kwa sababu ya jina, yale maandishi yake, na jina linakaa karibu na pindo la chini, ukija kupunguza kingo umelikata. Hapo ongeza kitambaa kuizunguka mpaka jina liingie ndani kabisa, hata kama ni kazi ya ziada. Jina la leso ya nyanya ya mtu si la kukatwa.

Mwenye hajanunua bado, kwa kwilti ya 90 kwa 90 chukua yadi 9 za kitenge, ukate vipande vitatu vya inchi 108, na uifue kabla hujakata manake pamba inaruka. Mwenye ameshanunua 6, leta hivyo hivyo, lakini nitumie vipimo kwa WhatsApp kwanza ndio nikwambie bei ya kuongeza kabla hujapanda gari.