Mita 60 zinapohama

Naishi Rotterdam, Uholanzi, lakini kwetu ni Kigoma, upande wa Kibirizi. Sehemu kubwa ya Rotterdam iko chini ya usawa wa bahari. Mwendo mfupi tu kutoka hapa, karibu na Nieuwerkerk aan den IJssel, kuna bonde lililo karibu mita 7 chini ya bahari, na watu wanajenga humo, wanalima humo na usiku wanalala usingizi. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari, na watu wa kwetu wamehama nyumba kwa sababu ya maji. Nimejiuliza sana ni nini hasa kinachomlinda mtu wa mjini tabianchi inapobadilika. Jibu nililolipata halitawafurahisha wanaotuletea semina: si elimu, kwa maana watu wetu wanajua.

Nendeni mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, muwatazame akina mama wa dagaa. Zamani dagaa walianikwa mchangani. Maji yalipopanda na mchanga ukapungua, akina mama walisogea juu na chanja zao: miti imesimikwa, juu yake nyavu au waya umekazwa, dagaa wametandazwa kwa wembamba ili upepo upite juu na chini. Shangazi yangu huwageuza kwa mkono, akiwapapasa kujua kama wameiva au bado wana unyevu, na wingu likitokea nyuma ya milima ya Kongo ameshaanza kukunja kabla tone la kwanza halijaanguka. Dagaa wakinyeshewa ni hasara. Wanaishia kuwa chakula cha kuku. Chanja hizo wengi walizijenga kwa fedha za vikoba vyao. Vijana nao wanajaza viroba vya mchanga, mtaa unatoka msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kujitolea, kuzibua mitaro, watu wanachangishana kumhamisha jirani ambaye maji yameingia sebuleni. Haya ndiyo yale ambayo mataifa huyaita hatua za jamii dhidi ya mabadiliko ya tabianchi. Kwetu ni ujirani tu, na kila senti imetoka kwenye mfuko wa aliyeathirika.

Hapo ndipo penye dhuluma. Mvua kubwa za mwishoni mwa 2019 na zilizofuata zililijaza ziwa ambalo mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga kule Kalemie. Bujumbura ilifurika, Uvira ikafurika, na sisi pia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na ni sheria nzuri, naiunga mkono. Lakini ziwa likisogea, mita 60 nazo zinasogea. Mtu aliyejenga mbali na maji, kwa kufuata sheria, anaamka siku moja yumo ndani ya eneo lililokatazwa. Anaambiwa ahame. Ahamie wapi, na kwa fedha za nani? Swali hilo halina ofisi ya kulijibu.

Huku lina ofisi. Waholanzi wana mabaraza ya maji, mengine yana mizizi ya karne ya 13, yaliyoanzishwa na wakulima waliotambua kwamba tuta likibomoka kwa mmoja, maji yanawafikia wote. Baraza linachaguliwa kila baada ya miaka 4 na linatoza kodi yake lenyewe, na fedha hiyo inaenda kwenye matuta, mifereji na pampu. Mwaka 2023 hata mimi, mgeni mwenye kibali cha kuishi, nilikuwa na haki ya kupiga kura. Mtu asinielewe vibaya: nchi hii ilijifunza kwa msiba. Gharika ya Februari 1953 iliua watu 1,836, na ulinzi mkubwa wa bahari mnaousikia ulijengwa baada ya hapo. Mafuriko yalipopiga Limburg Julai 2021, serikali ilitumia sheria ya majanga kuwafidia watu sehemu ya hasara. Sehemu, si yote, lakini mwathirika alijua fomu ni ipi na dirisha ni lipi.

Kuna pia juhudi ndogondogo ninazozipenda. Tangu 2020 miji ya huku inashindana kung'oa vigae vya saruji kwenye bustani na kupanda mimea ili mvua ipate pa kuzama. Wakazi wanang'oa, wanahesabu, wanashangilia. Ni msaragambo kabisa, ila manispaa nyingi zinatuma gari kubeba vigae. Gari hilo ndilo tunalolikosa Kigoma.

Na wananchi wa huku wakiona serikali yao inazembea, wanaishtaki. Urgenda, taasisi ya kutetea mazingira, pamoja na raia 900 hivi walifungua kesi, na Desemba 2019 mahakama ya juu kabisa ya nchi ikathibitisha kwamba serikali lazima ipunguze hewa ukaa kwa angalau asilimia 25 ifikapo 2020, ikilinganishwa na 1990. Nilifurahi. Kisha nikawafikiria wavuvi wetu. Watafiti wameonyesha tangu miaka ya 2000 kwamba joto linapoongezeka, maji ya juu ya Ziwa Tanganyika hayachanganyiki vizuri na ya chini, rutuba inabaki kilindini, na chakula cha samaki kinapungua. Uvuvi wetu nao una lawama yake, nyavu za matundu madogo zinajulikana. Ndiyo maana ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, wavuvi walivuta mitumbwi nchi kavu. Miezi mitatu bila dagaa ni karo, ni kodi ya nyumba, ni mkopo wa kikoba. Gharama ya kulipumzisha ziwa ilibebwa na watu ambao hawana viwanda wala ndege. Mimi ninayeishi na gesi ya kupasha nyumba joto miezi sita ya mwaka sikuombwa hata shilingi.

Kwa hiyo nasema hivi. Sheria yetu tayari inatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tukiweza hilo, tunaweza pia kutenga fungu la mitaa ya ufukweni na ya makorongo, likaamuliwa na watu wa mitaa hiyo wenyewe: BMU, yaani vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi mwaloni, zipo, zinachaguliwa, zinaujua mwalo wao. Fungu hilo lisitegemee manispaa pekee. Mfuko wa hasara na uharibifu, wa kuzisaidia nchi zinazoumizwa na mabadiliko ya tabianchi, ulikubaliwa kwenye mkutano wa tabianchi wa Umoja wa Mataifa Sharm el-Sheikh 2022 na kuzinduliwa Dubai 2023. Viongozi wetu wanapoenda kuuomba, waende na jina la Kibirizi, Katonga na Ujiji, wakiwa na orodha ya nyumba na chanja zilizopotea. Orodha hiyo mwenyekiti wa mtaa na BMU wanaweza kuianza wiki hii, kwa daftari la kawaida, nyumba kwa nyumba, kabla ya masika mengine.