Chwaka tunao mto, ila ratiba yake ipo kwa mwezi

Kila kiangazi vijana hutumiana video za Jinja, Uganda: watu wanane ndani ya boti la mpira, makafi mikononi, Mto Nile unawarusha kwenye mapovu. Kisha huja swali, na sisi Unguja tutafanyia wapi? Mto wa namna hiyo hatuna. Mvua yetu nyingi huzama kwenye mawe ya matumbawe kabla haijapata kuwa mto wa maana.

Lakini ndani ya ghuba ya Chwaka, kwenye mikoko inayopakana na msitu wa Jozani, upo mkondo wa Mapopwe, nao unafanya jambo ambalo Nile haiwezi: huingia ndani, husimama, kisha hurudi ulikotoka, mara mbili kwa siku. Ukipanda chombo kwa saa yake, utapelekwa na kurudishwa bila mikono kuchoka. Ukikosea saa, utakaa topeni na wenzako mpaka kiza kiingie. Ndiyo maana nasema safari hii ipangwe kwa tarehe ya mwezi mwandamo, na Jumapili ikae pembeni.

Hesabu yenyewe wavuvi wanayo kichwani. Kuanzia mwandamo hadi tarehe 4, na tena tarehe 15 hadi 18, ni bamvua: maji hukauka kati ya saa nne na saa sita asubuhi, hujaa saa kumi au kumi na moja jioni, na tofauti ya kujaa na kukauka hufika kiasi cha mita 4. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Tarehe 7 hadi 10, na 22 hadi 25, ni maji mafu. Tofauti hushuka hadi karibu mita moja, na mkondo huwa mvivu.

Sasa angalia Idd el-Fitri. Iko tarehe mosi ya mwezi mwandamo, yaani siku zote inaangukia kwenye bamvua. Kundi linatoka mjini saa tatu na masufuria ya pilau, linafika Chwaka saa nne na nusu, linakuta mchanga, majani ya baharini na vyombo vimelala ubavu. Halafu lawama zinamwendea nahodha! Idd kubwa, tarehe 10, maji hujaa adhuhuri, taratibu kabisa. Ndiyo ingefaa kwa mtumbwi, ila siku hiyo watu wako kwenye nyama.

Siku nzuri ni tarehe 11 hadi 13, na 26 na 27. Maji hujaa baina ya saa saba na saa tisa mchana, na mkondo una nguvu ya kukubeba bila ya kukutia hofu. Tuseme yanajaa saa saba na nusu, na tofauti ni mita 3. Maji hayapandi sawasawa: saa ya kwanza sentimita 25, ya pili 50, ya tatu na ya nne 75 kila moja, kisha 50, kisha 25. Kwa hiyo ingieni mkondoni kama saa nne na nusu, maji yakiwa nusu, yatawasukuma yenyewe. Mkingoja saa sita mtakuta nguvu imekwisha na itabidi kupiga kafi njia nzima. Kurudi ni kwa kasi zaidi, kwa sababu maji yaliyosambaa baina ya miti huzuiliwa na mizizi, hivyo huchelewa kutoka, na bahari ikishashuka nje yanateremka yote pamoja kwenye mkondo mmoja.

Chombo: ngalawa moja, nahodha na watu wanne, basi. Mkiwa wanane kodini mbili. Ngalawa huelea hata ikijaa maji, na marengu yake, zile mbao za pembeni zinazoelea, huzuia isipinduke. Lakini hayo hayo ndiyo hunasa kwenye mizizi njia ikianza kubana. Mkondo ukifika mara mbili ya upana wa matengo, ile miti inayovuka chombo na kushika marengu, geukeni. Tanga likunjwe tangu mlangoni mwa mkondo, maana ndani ya mikoko upepo hukatika halafu huja kwa ghafla kutoka upande mwengine. Humo ni pondo, ule mti mrefu wa kusukumia chombo, na makafi tu.

Na pondo lina adabu yake. Tope la Mapopwe hulivuta kama linalimeza. Likinasa, lizungushe kwanza ndipo ulivute. Likikataa, liachie, mtalirudia kwa kafi. Anayeling'ang'ania hubaki ananing'inia juu yake na chombo kinakwenda zake, na hilo limewapata hata waliozaliwa pwani.

Kuna wanaotaka kuja na mipira ya matairi au boti za kujaza upepo ili wafanane na wale wa Jinja. Mizizi ya mkoko imejaa chaza, na gamba la chaza hupasua mpira kama wembe. Hupasua na nyayo pia, kwa hiyo vaeni viatu vya kufunga. Kandambili hubaki topeni. Boti ya mashine nayo siipendi humo. Maji yakipungua, mashine hufyonza tope badala ya maji ya kupozea. Ukiona kile kimrija cha nyuma kimeacha kutema maji, zima hapo hapo kabla haijaungua.

Chakula kiwe cha mkono mmoja: mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, maandazi, embe zilizokwishamenywa. Urojo uacheni mjini. Maji ya kunywa lita 3 kwa kila mtu, na simu zote ndani ya ndoo ya rangi yenye kifuniko, ifungwe kwenye tengo. Kila mtu na jaketi lake la kuokolea, hata anayejisifu kuogelea, kwa sababu humo mtu hazami kwa kina, hunaswa na mizizi huku mkondo ukimsukuma.

Mkifika mwisho, ngojeni maji yasimame. Tupa jani la mkoko ubavuni mwa chombo. Mwanzo litaelekea ndani polepole, kisha litazunguka pale pale kama lililosahau njia, kisha litaanza kurudi. Likirudi urefu wa ngalawa moja, ng'oeni nanga. Mkikwama wakati maji yanatoka na yamefika nusu, hesabu ni saa tatu za kumalizika kushuka na tatu za kupanda tena, jumla sita, na magharibi usubi hauna huruma. Asishuke mtu kusukuma kwenye tope lisilojulikana. Linafika magotini kwa hatua ya pili.

Msimu nao una neno. Kaskazi ya Disemba na Januari huingia Chwaka bila kizuizi, na alasiri maji yanayotoka hukutana nayo uso kwa uso mlangoni mwa mkondo. Hapo huinuka mawimbi mafupi, yaliyosimama, yanayojaza ngalawa kwa dakika chache. Kaeni chini kabisa, mmoja afue maji, yaani ayateke na kuyamwaga nje, na nahodha ashike ukingo wenye kivuli cha upepo. Mimi ningengoja malelezi ya Machi, pepo zinapobadilika, kabla ya masika, bahari ikilegea.

Bei iagane kwa maji, si kwa saa za mkononi: kuingia na maji yanayojaa, kutoka na yanayokupwa. Na nahodha akisema, "Haya wanangu, tutokeni," ni kutoka, hata kama nusu ya kundi bado inapigana picha.